Pikipiki imezidiwa mafuta? Acha kwanza skrubu ya kabureta

Kosa ambalo sisi wakufunzi wa ufundi tunakutana nalo kila siku ni hili, mtu kapiga kiki mara ishirini pikipiki haiwaki, petroli inanuka hadi mbali, anachukua bisibisi anaanza kuzungusha skrubu za kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ambayo haikuwa na kosa lolote, sasa badala ya tatizo moja anayo mawili.

Ile harufu maana yake mafuta yameingia mengi, plagi imelowa, cheche haipigi vizuri. Funga koki ya mafuta, toa choki, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi (mara nyingi mchawi ni huyo, injini bado ya moto mtu kavuta choki), subiri kama dakika kumi hivi. Kisha zungusha eksileta mpaka mwisho uishikilie hapohapo, piga kiki tano sita bila kuachia ili hewa iingie nyingi ipeperushe yale mafuta, ikishika achia taratibu. Itatoa moshi mweusi kidogo, kawaida tu.

Ikigoma fungua plagi, ifute ikauke, isugue na brashi ya waya na uangalie pengo lake pale cheche inaporuka, pikipiki nyingi ndogo ni milimita 0.6 hadi 0.7. Kabla hujairudisha zima swichi, shikilia eksileta wazi, piga kiki kadhaa mafuta yatokee tundu la plagi. Na sigara weka mbali jamani, wapo wanaovuta huku wanafanya hii kazi!

Sasa kama inawaka leo kesho inarudia, au petroli inadondoka kwenye kale kamrija ka mpira chini ya kabureta, hapo nido ya floti (kisindano kinachosukumwa na boya la ndani ya kabureta kifunge mafuta yakijaa) haifungi, ina uchafu au imelika, au floti, yaani hilo boya, imetoboka inazama. Hilo skrubu haiwezi kulitibu hata uizungushe mwaka mzima, fungua bakuli la kabureta usafishe. Nusa na oili pia, ikinuka petroli imwage uweke mpya.

Hayo yakiisha ndo tunaseti kabureta. Eya klina (chujio la hewa) iwe safi, injini iwe imepata moto, uizime. Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka iguse, ukiikaza unaharibu ncha, halafu irudishe mzunguko mmoja na nusu, hapo ni pa kuanzia tu. Washa, pandisha sailensa kidogo (si ekzosi, ni ule mwendo wa injini ikinguruma bila kuvuta eksileta), kisha zungusha ile ya mchanganyiko robo robo huku unasikiliza, kuna mahali injini inachangamka yenyewe, iache hapo ushushe sailensa, nyingi za cc 100 hadi 150 zinatulia kwenye mizunguko 1,400 hivi kwa dakika. Ila angalia, skrubu iliyo upande wa eya klina ni ya hewa, ukiifungua mafuta yanapungua, iliyo upande wa injini ukiifungua yanaongezeka, wengi wanachanganya hapa.

Tembea nayo kidogo halafu chungulia plagi. Ikiwa kahawia umepatia, ikiwa na masizi meusi mafuta bado mengi, ikiwa nyeupe ni machache mno na usiende nayo mbali, injini itachemka.