Kiangazi cha Kitulo kina sakitu: kujiandaa kulala juu

Neno kiangazi huwaponza wengi. Mtu akisikia kwamba Juni hadi Agosti hakuna mvua, anafunga hema, shuka moja na jaketi jepesi, anapanda Kitulo, hifadhi ya taifa ya maua iliyo nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Kumbe ukavu huohuo ndio unaoleta baridi. Mawingu yakikosekana, joto lililokusanywa na ardhi mchana hupotea angani, na kabla ya alfajiri nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu, yaani barafu nyembamba juu ya majani.

Piga hesabu mapema. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi, uwanda wa Kitulo 2,600 hivi. Basi usiku ambao Mbeya ina nyuzi 8, huko juu tarajia 2, na usawa wa nyasi huweza kushuka chini ya sifuri. Hapo upepo bado.

Usipige hema bondeni kando ya kijito, hata pakivutia. Hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji na kutuama chini. Panda mita 20 au 30 ubavuni, penye kizuizi cha upepo.

Wengi hufikiria blanketi la juu na kusahau chini, ilhali ardhi ndiyo inayonyonya joto usiku kucha. Mfuko wa kulalia haukusaidii upande ulioulalia, kwa sababu uzito wako umeukamua hewa yote. Tandika mkeka wa foamu isiyonywa maji, unene wa sentimita 1 au zaidi, ukiweza, miwili. Sponji ya godoro la kawaida hunywa unyevu na kukuganda mgongoni. Kukata nyasi za kutandika ndani ya hifadhi hairuhusiwi, na mimi naona ni haki: baadhi ya maua yale hayana pengine pa kuota.

Lebo ya mfuko wa kulalia huonyesha viwango viwili au zaidi vya nyuzijoto. Fuata kile cha kulala kwa raha, si kile cha mwisho wa uvumilivu. Kiwe nyuzi sifuri au chini yake.

Tenga nguo kavu za kulalia tu: soksi, suruali ya ndani, sweta, kofia. Sweta za sufu zinapatikana mitumbani soko la Mwanjelwa, Mbeya, soma lebo. Fulana ya pamba uliyotembea nayo ina jasho, ivue kabla hujapoa. Kula viazi na karanga usiku, kojoa, kisha ingia na chupa ngumu ya lita 1 ya maji moto ndani ya soksi, uibane mapajani. Chupa laini ya maji ya dukani husinyaa na kukuunguza. Betri na mtungi wa gesi vilale nawe pia, maana gesi ya butani hushindwa kuwa mvuke nyuzi zikikaribia sifuri.

Jiko la mkaa lisiingie hemani kamwe, hata likiwa limebaki majivu mekundu. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na aliyelala haamki. Acha tundu la hewa wazi pia, la sivyo pumzi zitageuka matone na kulowesha mfuko.

Mwenzako akitetemeka, mvishe nguo kavu na umpe kinywaji cha moto chenye sukari. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, anaongea kwa kukokota na kushindwa kufunga zipu, hali imezidi: mlaze, mfunike pamoja nawe, usimsugue viungo, usimpe pombe, na tafuteni msaada usiku huohuo.