Maswali ya Wagonjwa wa Sukari: Mwarobaini, Manjano na Hizi Chupa za "Nano"

Haya ni maswali ninayoulizwa kila wiki kliniki ya sukari hapa Mombasa, mengi kwa sauti ya chini, mgonjwa akishashika kitasa cha mlango.

Miti ina dawa kweli?

Ina, tusibishane hapo. Mmea hutengeneza kemikali za kujilinda na wadudu na ukungu, na baadhi yake hufanya kazi mwilini mwetu. Artemisinini, mama wa dawa ya malaria unayopewa leo, ilitolewa kwenye mmea wa jamii ya pakanga, na Tu Youyou wa China akatunukiwa Nobeli mwaka 2015. Lile ua dogo la pinki linalojiotea kando ya kuta, asili yake Bukini (Madagaska), lina vinkristini, ambayo hutibu saratani ya damu kwa watoto. Lakini hakuna mtoto anayetafunishwa lile ua.

Mbona basi mnatupa vidonge vya kemikali?

Hiyo metformini uliyoificha mkobani bila kuimeza ina asili ya mmea! Ulaya kuna mmea uitwao galega, wenye kemikali ya kushusha sukari. Shida yake ni sumu. Hata kondoo wakiula huweza kufa. Wataalamu wakaunda ndugu yake aliye mpole, na mwaka 1957 Ufaransa wakaanza kumtumia kutibu sukari. Kidonge cha miligramu 500 ni 500 leo na kesho. Majani uliyochuma Kisauni baada ya mvua si sawa na ya Likoni wakati wa kiangazi, na "kikombe kimoja" cha kwako si cha jirani yako.

Mwarobaini haushushi sukari?

Huweza kuishusha kidogo, na hapo ndipo penye balaa. Ukiunywa juu ya dawa, sukari huweza kushuka mno: jasho jembamba, kutetemeka, kuanguka. Ukiunywa badala ya dawa, sukari inapanda kimyakimya. Mafuta yake, tafadhali, mtoto asinyweshwe hata kijiko, yameshaleta degedege.

Nimekunywa mwezi mzima na najisikia vizuri. Niache sindano?

Hapana.

Sukari ikipanda polepole haiumi, kwa hivyo kujisikia vizuri si kipimo. Na kwa mwenye sukari ya aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini (kemikali ya mwili ya kushusha sukari, ndiyo iliyomo kwenye sindano), hakuna jani, mzizi wala gamba linaloshika nafasi ya sindano. Kijana mmoja aliletwa na tuktuk alfajiri, mamake akidhani ni malaria. Anatapika, anavuta pumzi ndefu kama aliyetoka mbio, na pumzi yenyewe inanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tukamtoboa kidole, mashine ikaandika "HI", yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Sindano zilikuwa kwenye friji, siku ya nne hazijaguswa, kwa kuwa ameambiwa "zinazoesha mwili". Alipona. Si wote.

Narudia, maana najua utaniuliza tena mlangoni: usiache sindano.

Na manjano? Na habasoda?

Kwenye chakula, kula. Kurkumini iliyomo ndani ya manjano hainyonywi vizuri tumboni, ndiyo maana watafiti wanajaribu kuifunga kwenye chembe ndogo mno, za nano. Kuhusu habasoda, hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba ni tiba ya kila ugonjwa ila mauti naijua na naiheshimu, na ni yeye huyohuyo aliyetuamrisha tutafute tiba. Kula habasoda yako, umeze na dawa yako.

Hii "nano" ni kitu gani?

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe za nano kwa kawaida ni za nanomita 1 hadi 100. Kuna mambo mawili watu huyachanganya. Moja ni kubebesha dawa ya mmea kwenye chembe ndogo: paklitaseli, dawa ya saratani iliyotoka kwenye gamba la mti, ilifungwa hivyo na protini ikaidhinishwa Marekani mwaka 2005, nayo hutolewa hospitali, kwa dripu. La pili ni kutumia maji ya majani, hata mwarobaini au mlonge, kugeuza chumvi ya fedha (ile ya pete na bangili) kuwa chembe za fedha. Maji hugeuka hudhurungi, na chembe hizo huua bakteria kwenye sahani ya maabara. Wewe si sahani.

Nimeuziwa chupa ya "nano" ya miti, eti inamaliza sukari.

Hakuna dawa ya nano ya mimea iliyothibitishwa kumaliza sukari. Ikiwa ndani mna fedha na ukainywa muda mrefu, ngozi huweza kugeuka kijivu cha samawati na isirudi tena. Na katika nchi mbalimbali zimekutwa "dawa za miti" zilizosagiwa ndani vidonge vya hospitali vya kushusha sukari. Ndiyo maana "zinafanya kazi".

Kidonda cha mguu hakiumi. Nitie majani kwanza?

Usitie majani, jivu, kahawa wala asali. Kutouma ndiyo dalili mbaya: neva zimekufa. Mzee mmoja alipata lengelenge la kiatu kipya cha Idi. Wiki tatu baadaye alikuja mguu umefungwa leso, majani yaliyopondwa yamekauka juu yake kama saruji. Tulipoyalowesha yakabanduka, harufu ikajaa chumba, na vidole viwili vilikuwa vyeusi. Vilikatwa. Angekuja siku ya pili tungeosha, tungefunga, tungempa dawa, angerudi nyumbani na vidole kumi. Kidonda cha mguu kwa mwenye sukari ni cha kuletwa siku hiyohiyo. Siyo Jumatatu, siyo baada ya arusi.

Nikija nimeshakunywa miti, mtanigombeza?

Mimi labda kidogo. Njoo tu, na chupa yenyewe au majani uyatie kwenye mfuko, utuambie ulianza lini na dawa gani uliacha. Na ukiwa unatapika na kuhema, usingoje siku ya kliniki: nenda dharura usiku huohuo, hata ikibidi kuvuka feri.