Mashine Haioshi

Mwaka wangu wa kwanza kwenye idara ya utakasaji wa vifaa, sista wa thieta alishuka na klampu moja mkononi, kile kifaa cha kubania mishipa ya damu. Hakunigombeza. Aliifungua, akaisogeza kwenye taa, akasema, "Kaka, angalia kwenye bawaba." Pale mikono miwili ya klampu inapopishana kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama uzi. Damu kavu. Seti nzima ilikuwa imetoka kwenye otokilevu, mashine yetu ya kuua vijidudu kwa mvuke, asubuhi hiyo, na utepe wa nje ulikuwa umegeuka rangi kama kawaida. Mgonjwa alikuwa ameshalazwa kitandani, ikabidi asubiri seti nyingine ifunguliwe.

Toka siku hiyo, mtu akiniuliza kazi yetu ni nini, naanza na sinki.

Wengi, hata wenzetu wa wodini, wanadhani sisi ni watu wa kuchemsha vifaa. Mvuke wa otokilevu unafanya kazi kwa kugusa. Ukikutana na chuma kilichopoa kuliko wenyewe, unageuka maji na kuachia joto lake papo hapo, na joto hilo ndilo linaloua vijidudu. Damu iliyokauka inakuwa koti: mvuke unaishia juu yake, na kilichojificha chini kinaweza kutoka kizima. Ule utepe nao unasema tu kwamba pakiti imepita kwenye joto. Hauwezi kujua kilichomo ndani.

Kwa hiyo tunaosha, na kuosha kwenyewe kuna elimu yake. Vifaa visiachwe vikauke njiani. Tunaomba thieta wavifunike kwa kitambaa chenye maji safi. Maji ya chumvi ya dripu hapana, yanaleta kutu. Kwenye sinki tunafungua kila kinachofunguka. Maji yawe ya uvuguvugu tu, chini ya nyuzi 45, maana damu ina protini, na maji ya moto yanaigandisha kwenye chuma kama yai linavyogandia kwenye kikaango. Brashi inasugua chini ya maji ili matone yasikurukie machoni. Kwenye meno ya klampu unafuata mistari yake, na kwenye bawaba unafungua na kufunga huku ukisugua. Kifaa chenye tundu kinataka brashi inayoenea tundu hilo, ipite mpaka itokee upande wa pili.

Hapa lazima niseme kuhusu ile ndoo ya klorini. Wengi tulifundishwa kuloweka vifaa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 haushauri tena jambo hilo. Damu inaidhoofisha klorini, na klorini inakula chuma, inaacha vishimo vidogo ambavyo uchafu unapata pa kukaa. Bado naiona ndoo hiyo sehemu nyingi, na inaniuma kila ninapoona mkasi mzuri wa upasuaji umeharibika kabla ya wakati wake.

Baada ya hapo ni kukausha, kukagua kwa lenzi, kupanga seti kwa orodha na kufunga. Pakiti haziminywi kwenye mashine; mvuke unahitaji nafasi ya kupita. Kwa nyuzi 121 tunahesabu dakika 15, kwa nyuzi 134 dakika 3, na hesabu inaanza joto likishafika, si ukibonyeza kitufe. Adui mkubwa ni hewa iliyobaki ndani, kwa sababu inauzuia mvuke. Ndiyo maana kila asubuhi, kwenye mashine zinazovuta hewa, kabla ya mzigo wa kwanza tunafanya kipimo cha Bowie-Dick, cha kuona kama hewa imetoka yote, ambacho kinatumika tangu 1963. Karatasi inawekwa katikati ya furushi, ikitoka inatakiwa iwe imebadilika rangi sawasawa kote. Ikibaki doa katikati, mashine haifanyi kazi siku hiyo mpaka fundi aje.

Usiku mmoja pakiti za upasuaji wa kujifungua zilitoka zimelowa. Thieta walikuwa wanapiga simu. Nilizirudisha zote zikafungwa upya, maana kitambaa kilicholowa kinapitisha vijidudu kutoka nje hadi kwenye kifaa. Tulitoa seti ya akiba. Uamuzi wa namna hiyo unamtaka mtu anayejua sababu, si anayejua vitufe tu.

Na hapo ndipo ninapolilia mafunzo. Wengi wetu tuliingia kama wahudumu wa afya, tukajifunza kwa kumtazama aliyetutangulia, pamoja na makosa yake. Marekani, anayetaka cheti cha CRCST, yaani cha fundi wa utakasaji wa vifaa, anafanya mtihani na saa 400 za vitendo, na jimbo la New York limeshaweka sharti la cheti kisheria. Nasi tunastahili utaratibu wa aina hiyo.

Wakati tukiusubiri, waganga wafawidhi mnaosoma hapa, naomba vitu vitatu: brashi za saizi mbalimbali, lenzi yenye taa, na mzoefu mmoja wa kusimama na mgeni kwenye sinki kwa mwezi mzima kabla hajakabidhiwa mashine.