Umahiri wa kijamii ni nini? Kupata unachohitaji bila kuwapoteza watu

Mwaka 1992 wanasaikolojia wawili waliokuwa wakifanya kazi Kanada, Kenneth Rubin na Linda Rose-Krasnor, walitoa fasili ya umahiri wa kijamii ambayo wataalamu wa makuzi ya watoto bado wanaitumia sana. Kwa maneno mepesi, ni uwezo wa mtu kutimiza malengo yake anaposhughulika na wenzake, huku uhusiano wake nao ukiendelea kuwa mzuri, si siku moja tu bali kwa muda mrefu, na si mahali pamoja tu bali katika mazingira tofauti.

Fasili hiyo ina masharti mawili yanayopimwa kwa pamoja. Chukua ndugu wanaogawana shamba la marehemu baba yao. Mmoja anapambana mpaka anapata sehemu ya barabarani, na tangu siku hiyo nduguze hawakanyagi kwake. Mwingine ananyamaza kikao kizima, anaachiwa bondeni panapotuama maji, anasema "hamna shida, sisi ni damu moja", kisha miaka inapita na bado analalamika kwa mkewe kila usiku. Kwa fasili hii wote wawili wameshindwa. Sisi huwa tunamwona wa kwanza peke yake. Wa pili tunamsifu kwamba ni mtu wa watu, mpole, hana makuu. Faida ya dhana hii ni kwamba inamkagua na yeye.

Umahiri huu si uchangamfu, wala si kujua kuongea. Mwaka 1981 Martha Putallaz na John Gottman walichunguza jinsi watoto wa shule wanavyojiunga na wenzao ambao tayari wanacheza. Waliozoea kukataliwa walielekea kukosoa, kuuliza maswali ya kukatiza mchezo, na kujizungumzia wenyewe. Waliopendwa waliingia na jambo linaloendana na kile ambacho wenzao walikuwa wanafanya. Mtoto mkimya anayejua kuusoma mchezo anaweza kumzidi mchangamfu anayefika na habari zake.

Yeyote aliyecheza chandimu anamjua mwenye mpira, yule ambaye akikataliwa penalti anakasirika na kuondoka na mpira wake. Haki yake ameilinda, maana mpira ni wake kweli, lakini wachezaji amewapoteza. Uwanja huohuo una mtoto mwingine ambaye hatajwi sana: anayekubali kukaa golini kila siku, ingawa hapendi, ili asiachwe nje.

Hao wawili, Robert Selman wa Chuo Kikuu cha Harvard angewaweka wote ngazi za chini. Selman alichunguza jinsi watoto na vijana wanavyofanya matakwa yao yanapogongana, akapanga ngazi nne. Ya chini kabisa ni ya mwili: kunyang'anya au kukimbia. Inayofuata ni kuamrisha au kutii. Baada yake kuna kushawishiana na kubadilishana, leo zamu yako kesho yangu. Ngazi ya juu ni pale wawili wanapoweza kujitoa kidogo katika ugomvi wao, wakautazama uhusiano wenyewe kuwa ni mali ya wote wawili, na kutafuta njia ambayo kila mmoja anaikubali kwa moyo.

Angalia ngazi mbili za chini. Anayenyang'anya yuko pamoja na anayekimbia, na anayeamrisha yuko pamoja na anayetii. Mmoja anataka kumbadilisha mwenzake, mwingine anajibadilisha yeye, lakini katika hali zote inayohesabiwa ni haja ya mtu mmoja tu. Kwa hiyo mtii hajakomaa kuliko mbabe. Wengi wetu hatukulelewa kuliona jambo hivyo. Kijana wa miaka 16 anayesifiwa adabu, ambaye hajawahi kusema anataka nini, amefaulu nusu ya somo, na nusu iliyobaki atakuja kuisomea ukubwani kwa gharama.

Ngazi hizi nazo si cheo cha kudumu. Mtu mzima mwenye heshima zake akigombania daladala ya Mbagala jioni hurudi ngazi ya kwanza, na hakuna wa kumlaumu.

Kwa watu wazima wa Tanzania, mtihani halisi wa umahiri huu ni mchango wa harusi. Kamati inaundwa, grupu la WhatsApp linafunguliwa, namba yako inaingizwa bila wewe kuulizwa. Kiwango cha kadi ya single na cha double kinatangazwa. Kila jioni mweka hazina anabandika orodha: majina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Haja zako ni za kweli: kuna ada ya mtoto mwezi wa kwanza na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Uhusiano nao ni wa kweli: bwana harusi ndiye aliyekesha nawe kwenye benchi la hospitali mama yako alipolazwa.

Jibu lililozoeleka ni kuandika ahadi kubwa ambayo huna, kisha kuanza kumkwepa mweka hazina. Simu haipokelewi. Ujumbe wa "ndugu zangu tupunguze ahadi" unasomwa na kunyamaziwa. Wiki ya harusi unapata safari ya ghafla. Sasa pima matokeo. Kamati ilishalipia ukumbi na chakula kwa kutegemea ahadi hewa. Bwana harusi anajua ulipo, na anajua kwamba hukusafiri. Wewe mwenyewe miezi miwili yote ulikuwa unaishi kwa mashaka, ukishtuka kila simu inapoita. Hukulinda utulivu wako wala urafiki wako, na mwanzo wa yote ilikuwa ni kutaka kuonekana mwema. Naamini "ndiyo" hii ya mdomoni, kuliko uchoyo, ndiyo inayovunja urafiki mwingi zaidi kwetu. Mchoyo angalau anajulikana mapema.

Mwenye umahiri anapiga hesabu kwanza, kisha anampigia bwana harusi mwenyewe kabla orodha haijaanza kubandikwa. Anasema hivi: "Kaka, hongera sana. Mwezi wa kwanza nimebanwa na ada, kwa hiyo nitaweza elfu hamsini, naituma tarehe tano. Ijumaa nikitoka kazini nakuja kusaidia ukumbini." Tarehe tano elfu hamsini inaingia. Ijumaa anaonekana ukumbini.

Alichopunguza hapo ni fedha. Uwepo wake hakuupunguza. Sababu ameitaja moja, kwa ufupi. Wanaojieleza sana huishia kumfanya mwenye harusi ndiye awabembeleze wao, na hilo nalo ni mzigo. Vilevile amemwambia mhusika, hakuzungumza na grupu zima, maana mbele ya watu mia hata bwana harusi hana nafasi ya kuwa muungwana bila kuonekana anapendelea. Na ametaja kiasi na tarehe. Kauli kama "nitaangalia" na "Mungu akijalia" zinaweza kuwa za kweli kabisa, ila mweka hazina hawezi kuzinunulia mchele.

Neno "muda" katika fasili ya Rubin na Rose-Krasnor lina kazi kubwa hapa. Familia nyingi hutunza daftari la nani alitoa nini, kwenye harusi na kwenye msiba. Aliyekuja kuchimba kaburi na akakaa matanga ana nafasi ya kusema "safari hii sina" na akaeleweka. Anayeonekana tu akiwa na kadi zake mkononi hana nafasi hiyo, hata akizungumza kwa ufundi gani. Ndiyo maana mafunzo ya kukariri namna ya kusema hapana, yale ya semina za nusu siku, huwasaidia watu kidogo tu. Hapana moja hupimwa kwa miaka iliyoitangulia.

Kabla ya maneno kuna kazi ya kusoma ishara. Mwaka 1994 Nicki Crick na Kenneth Dodge walieleza hatua anazopitia mtoto katika tukio la kijamii: anaona kilichotokea, anakitafsiri, anachagua anataka nini, anawaza majibu yanayowezekana, anachagua moja, kisha anatenda. Wengi huharibikiwa kwenye tafsiri. Mtoto mwenye tabia ya kupigana akigongwa kwenye foleni mara nyingi huamua kwamba amefanyiwa makusudi, na baada ya hapo hatua zote zinazofuata zinakuwa na mantiki yake mwenyewe. Watu wazima tunafanya hivyo na ujumbe wa simu. Mweka hazina anaandika "wengine mmetusahau", watu thelathini wanaamini ni wao wanaosemwa, na mmoja wao anatoka kwenye grupu kwa hasira. Kuuliza "ulikuwa na maana gani?" kabla ya kujibu ni jambo dogo, lakini ndipo ujuzi mwingi ulipo.

Kuna wanaosema habari hizi za haja zangu na malengo yangu ni ubinafsi ulioletwa na Wazungu, kwetu mtu ni watu. Jibu zuri nimelipata kwa Çiğdem Kağıtçıbaşı, mwanasaikolojia wa Uturuki. Katika makala yake ya 2005 alionyesha kwamba watafiti wa Magharibi walichanganya mambo mawili. Kuwa karibu au mbali na watu ni kipimo kimoja. Kujiamulia au kuamuliwa na wengine ni kipimo kingine. Mtu anaweza kuwa ndani kabisa ya ukoo wake na bado akajiamulia mambo yake, na mwingine anaweza kuishi peke yake mjini akiamuliwa kila kitu na bosi na madeni. Kudhani kwamba ukijiamulia lazima uwe umejitenga ni kosa la hesabu.

Kenya ina ushahidi wa karibu zaidi. Sara Harkness na Charles Super walifanya utafiti Kokwet, jamii ya Wakipsigis, kuanzia miaka ya 1970. Wazazi wa huko walitofautisha akili ya shule na akili ya nyumbani. Mwenye akili ya nyumbani ni mtoto anayeona kazi inayotakiwa na kuifanya bila kuambiwa. Kwa hiyo hata pale ambapo familia ilikuwa mbele ya kila kitu, aliyesifiwa hakuwa yule anayesubiri amri.

Tena jamii zetu zimejitengenezea njia za kusema ukweli bila kuvunja nyumba. Mshenga yupo kwa sababu hiyo: mahari ikionekana kubwa, yeye ndiye anayerudi na neno hilo, na wakwe watarajiwa hawatazamani usoni wakiwa wamekasirika. Utani nao. Mpare anaweza kumwambia Mchaga mbele ya ukumbi mzima kwamba anapenda fedha kuliko kumpenda mkewe, watu wakacheka, naye akarudishiwa la kwake kuhusu ubahili wa Wapare. Ndani ya kicheko hicho watu huambiana mambo ambayo yakisemwa kwa ukavu yangezaa kesi, na mtani hasusiwi kwa hilo. Lakini utani una mipaka. Ukiutumia mtu akiwa bado na hasira mbichi, au mbele ya vijana wa mjini wasioujua, unageuka tusi la kawaida.

Jambo ambalo fasili ya 1992 haituelezi vya kutosha ni nguvu. Inazungumza kana kwamba watu wawili wamekaa kwenye viti vya urefu mmoja. Dada wa kazi anayehitaji Jumapili ya kupumzika hakosi ujuzi wa kuomba. Amesoma ishara vizuri kuliko bosi wake: anajua kwamba mwenzake wa nyumba ya jirani aliomba mapumziko na akarudishwa kijijini wiki hiyohiyo. Kumpeleka mtu huyo kwenye semina ya kujiamini ni kumtwisha yeye kosa la mpangilio. Vivyo hivyo mke anayepigwa; kwake kuulinda uhusiano si alama ya umahiri, na sharti la pili la fasili linapaswa kuwekwa kando kabisa.

Kwa dada wa kazi kilichowahi kupendekezwa ni cha wazi zaidi kuliko ushauri wowote wa kisaikolojia. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na aelezwe masharti ya kazi yake kwa njia inayoweza kuthibitishwa, ikiwezekana kwa maandishi. Jumapili ikishaandikwa kwenye karatasi, hana haja ya kutafuta saa ambayo mama mwenye nyumba ana furaha ndipo aombe.