Bayomasi Si Taka, na Msitu Si Ghala

Katika maandishi ya nishati, Bara na huku Visiwani, bayomasi hupewa pia jina la tungamotaka, na jina hilo limekwishazoeleka. Sina haja ya kuligombea, ila naona limezaa dhana potofu iliyo mama wa nyingine zote kuhusu bayomasi: kwamba bayomasi ni uchafu wa shambani na jikoni, kitu kisicho na kazi mpaka kitiwe moto. Ukweli ni kwamba wataalamu wa ikolojia hulitumia neno hili kwa maana ya tungamo, yaani jumla ya uzito, la viumbehai wote, au la kundi fulani la viumbehai, waliomo katika eneo lililopimwa kwa wakati maalumu. Mvule uliosimama katika msitu wa Ngezi, popo wa Pemba anayening'inia mtini na siafu wanaopita shinani, vyote hivyo ni bayomasi, wala hakuna hata kimoja kilicho taka.

Kwenye nishati maana hiyo hubanwa, ikabaki kwa vitu vilivyotokana na viumbehai vinavyoweza kuchomwa au kuozeshwa ili vitoe joto au gesi, kama vile kuni, makaa, vifuu na kinyesi cha ng'ombe. Hata humo, jina la taka halifai kwa kila kitu. Makonyo ya karafuu, yaani vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, hupelekwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, yakatolewa mafuta. Makumbi ya nazi nayo hufukiwa pwani mpaka yalainike, kisha yakapondwa na kusokotwa kamba.

Wapo wanaodhani kwamba kupima bayomasi ni kukiweka kitu kwenye mizani kama kilivyo. Aliyewahi kuanika karafuu hatahitaji maelezo marefu hapa, kwani karafuu zilizochambuliwa jana na kutandazwa jamvini, zikishakauka hata zikivunjwa zinalia, hubakia na kiasi cha theluthi moja tu ya uzito wake wa mwanzo. Kilichoondoka ni maji, na maji si chakula cha moto. Kwa sababu hiyo wanasayansi aghalabu huhesabu uzito mkavu, au kaboni iliyomo, ambayo katika mti uliokauka ni karibu nusu ya uzito wote. Ukuni mbichi unaotokwa na povu nchani unaonesha jambo lile lile: sehemu ya joto lake inatumika kuyachemsha maji yaliyomo ndani yake, kabla ya chungu kupata chochote.

Kaboni hiyo inatoka wapi? Wengi husema mti hula udongo. Mwanasayansi Jan Baptist van Helmont, ambaye maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, alipanda mti mdogo katika udongo aliokwisha kuupima, akaunywesha maji kwa miaka 5. Mti ukaongezeka zaidi ya kilo 70, na udongo ukapungua chini ya gramu 100. Yeye aliamini kwamba mti wote umetokana na maji. Leo tunajua kwamba kaboni ya mti hutoka katika hewa ya ukaa, inayonaswa na majani kwa usanisinuru, na tunapochoma ukuni tunairudisha hewani.

Hapo ndipo penye kosa ambalo, kwa maoni yangu, lina madhara makubwa kuliko yote: kudhani kwamba kwa kuwa kuni ni nishati jadidifu, yaani inayoweza kupatikana upya, basi hazimalizi kitu. Bayomasi iliyosimama ni jambo moja, na kasi ya kuizalisha ni jambo jingine. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yanaonesha kwamba bayomasi ya dunia nzima ina kaboni ipatayo tani bilioni 550, ambazo takriban bilioni 450 zimo katika mimea, ilhali bahari zote zina kama bilioni 6 tu. Hata hivyo bahari huzalisha karibu nusu ya mazao yote ya usanisinuru duniani, kwa sababu planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, huzaliana na kuliwa katika muda wa siku chache. Mkandaa, mmoja wa miti ya mikoko, wa Ghuba ya Chwaka kisiwani Unguja hauendi kwa mwendo huo. Ni mti mgumu unaokua polepole, na tope lililo chini ya mikoko mara nyingi limehifadhi kaboni nyingi kuliko miti yenyewe. Msitu ukifyekwa, hata hiyo ya topeni huanza kutoka.

Makaa ya mawe hayahesabiwi katika bayomasi, ingawa yalitokana na mimea, kwa kuwa kaboni yake iliondoka hewani mamilioni ya miaka iliyopita.

Makaa ya kuni yanastahili maneno zaidi, maana watu husema hayana moshi na kwa hivyo hayaumizi mtu wala msitu. Moshi ni kweli umepungua, lakini hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye jiko la makaa haionekani wala hainuki, na huua katika chumba kilichofungwa. Kuhusu msitu, tuhesabu. Kilo 100 za kuni kavu zina nishati ya kiasi cha megajuli 1,600. Zikipikwa katika tanuri la kienyeji hutoa makaa kati ya kilo 10 na 20, na kilo moja ya makaa ina karibu megajuli 30. Zinazofika jikoni, basi, ni megajuli 300 hadi 600, na zilizobaki zimepotelea tanurini.

Mnazi hubainisha vizuri tofauti ya bayomasi iliyosimama na kasi ya kuizalisha. Vifuu na makumbi yake hupatikana mwaka hadi mwaka na mti ungali umesimama, kwa hivyo anayepikia vifuu anatumia ukuaji. Gogo lake likitiwa katika tanuri la chokaa, kinachoteketea ni akiba ya miaka mingi, na mnazi utakaopandwa mahali pake utachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa nazi ya kwanza.