Si kila hitilafu ya kompyuta ni kirusi

Juzi mwalimu mmoja, jirani yangu, aliniletea laptopu. Akiandika "mtihani" kwenye kisanduku cha kutafutia, haiji kitu, na mafaili yamo, tunayaona kwa macho. "Ina virusi," akasema. Fundi alishamwambia ipigwe Windows upya.

Kirusi ni programu inayojipachika ndani ya programu au faili jingine na kujinakili kila mwenyeji wake anapofunguliwa. Isiyojipachika hivyo si kirusi, hata iwe mbaya kiasi gani.

Neno latoka Kilatini, virus, yaani sumu. Madaktari walilitumia kwanza. Mwaka 1983 Fred Cohen, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, alitengeneza programu ya majaribio ya kujinakili, na mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza iitwe hivyo. Lilipotufikia sisi, masikio yalisikia vi- ya wingi, basi tukalizalia umoja: kirusi. Kitab cha Waarabu, ambacho kwao wingi wake ni kutub, nacho tulikipa vitabu, na barabarani tuna kiplefti na viplefti. Hapo sina ugomvi, ingawa nikiona mtu kaandika "kompyuta yangu ina Kirusi" huwa najiuliza imejifunza lini lugha ya Moscow.

Ugomvi wangu ni jina la mtoto mmoja kupewa ukoo mzima. Ukoo unaitwa programu hasidi. Humo yumo mnyoo, anayesambaa bila kuhitaji faili la kujipachika: ILOVEYOU ya mwaka 2000 ilikuwa mnyoo, na wale wa kwenye flashi wanaoficha mafolda yako na kukuachia njia za mkato, wengi wao ni minyoo. Yumo pia Farasi wa Troya, unayemkaribisha mwenyewe ukidhani umepata programu ya bure.

Na kutafuta? Kwa kawaida Windows haipekui diski nzima kila ukiandika neno. Inasoma faharasa, yaani orodha ya mafaili na yaliyomo, iliyokwisha kuandaliwa. Faharasa ikiharibika, au huduma ya Windows Search ikizimika, unaambulia patupu. Programu hasidi yaweza kuizima huduma hiyo au kuficha mafaili, kwa hiyo kuskani kwanza ni sawa. Lakini tarehe 5 Februari 2020 kisanduku cha Windows 10 kilibaki cheupe kwa watu wengi duniani, na hitilafu ilikuwa huko kwenye seva na mtandao, wala si kwenye mashine zao.

Ya Mwalimu niliiskani, haikuonyesha kitu. Huduma ilikuwa imezimwa. Nikaiwasha, nikaagiza faharasa ijengwe upya, nikaiacha kwenye chaji usiku kucha. Asubuhi "mtihani" ikaleta mitihani yote, hadi ya kidato cha pili aliyodhani ameifuta.

"Kumbe virusi vimetoka," akashukuru.

Siku nyingine, Mwalimu, mwambie fundi "kutafuta kumegoma". Ukianza na "virusi", atachomeka flashi ya Windows kabla hujapata kiti.