Uchungu Unapoanza Nyumbani: Maswali na Majibu kwa Mjamzito na Wanaomsaidia

Majibu haya yanamhusu mjamzito ambaye mimba yake imetimiza angalau wiki 37, anayebeba mtoto mmoja aliyetanguliza kichwa, na ambaye kliniki haikumkuta na tatizo linalomtaka awe chini ya uangalizi tangu dakika ya kwanza ya uchungu. Karibu kila familia hupitia saa kadhaa ikiwa peke yake na mama mwenye uchungu kabla ya mkunga kumwona. Saa hizo zikitumiwa vizuri humpa mama nguvu ya kumalizia kazi iliyo mbele yake, na zikitumiwa vibaya zinaweza kumgharimu yeye au mtoto.

Je, ni lazima mjamzito akimbizwe hospitali mara tu anapohisi uchungu?

Kwa mjamzito tuliyemtaja, si lazima. Uchungu huanza na kipindi cha polepole ambacho mlango wa kizazi hulainika, hufupika na kuanza kufunguka, na kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, kipindi hicho huhesabiwa mpaka mlango huo, yaani njia ya mtoto, unapofunguka sentimita 5. Hakikuwekewa muda maalumu, kwa kuwa kwa mama mmoja humalizika kwa saa chache, na kwa mwingine, hasa anayezaa kwa mara ya kwanza, huweza kuvuka usiku mzima na mchana wake. Baada ya hapo uchungu hushika kasi, nao kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa uzazi wa kwanza, au saa 10 kwa uzazi unaofuata, hadi njia ifunguke kikamilifu kwa sentimita 10.

Kipindi hicho cha mwanzo ndicho ambacho mama mwenye afya anaweza kukipitia nyumbani, akitembea, akila na kulala katika mazingira anayoyajua.

Ni nani asiyepaswa kusubiri nyumbani hata kidogo?

Ni mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa kujifungua, mwenye mapacha, ambaye mtoto wake ametanguliza matako au amelala kimshazari, mwenye shinikizo la juu la damu, kisukari, upungufu mkubwa wa damu au kondo lililokaa chini, aliyewahi kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na ambaye uchungu umemwanza kabla ya wiki 37. Hao, pamoja na yeyote aliyeambiwa kliniki kwamba ni lazima ajifungulie mahali penye huduma maalumu, waondoke uchungu unapoanza, hata ukiwa mwepesi. Inafaa swali hili liulizwe kliniki mapema, mbele ya mtu atakayemsindikiza mama.

Tutatofautishaje uchungu wa kweli na uchungu wa uongo?

Uchungu wa uongo huja bila mpangilio na mara nyingi hutulia mama anapobadilisha mkao, anapotembea, anapokunywa maji au anapopumzika. Uchungu wa kweli hautulizwi na lolote kati ya hayo: hukaribiana, hurefuka na huzidi nguvu kadiri saa zinavyopita, na mara nyingi huanzia kiunoni ukaja mbele. Ute mzito uliochanganyika na damu kidogo unaweza kutoka wakati huo au siku kadhaa kabla, nao peke yake si sababu ya kukimbia.

Msaidizi aandike saa. Ahesabu tangu uchungu mmoja unapoanza mpaka unaofuata unapoanza, na aandike pia kila uchungu ulidumu sekunde ngapi, kwa sababu mama mwenyewe hawezi kuhesabu huku akiumwa, na kumbukumbu ya mtu mwenye wasiwasi haiaminiki.

Je, kuwapo kwa ndugu kuna faida halisi, au ni faraja tu?

Kuna faida iliyopimwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, ambao ulikusanya tafiti 26 zilizohusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, ulionyesha kwamba mama aliyekuwa na mtu wa kumsaidia mfululizo wakati wa uchungu alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua kwa njia ya kawaida, uwezekano mdogo wa kufanyiwa upasuaji au kuhitaji dawa za maumivu, na uchungu mfupi kidogo. Tafiti hizo zilifanyika hospitalini, lakini mambo waliyoyafanya wasaidizi, yaani kukaa karibu, kutia moyo, kukanda mgongo na kueleza kinachoendelea, ni mambo ambayo ndugu anaweza kuyaanza nyumbani na kuendelea nayo mpaka chumba cha kujifungulia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na msaidizi aliyemchagua mwenyewe. Hapo ndipo familia nyingi huteleza: mume, mama mzazi, dada au wifi anaweza kuwa msaidizi mzuri, lakini asipotakiwa na mama mwenyewe, kuwapo kwake kunakuwa mzigo juu ya mzigo. Mama aulizwe mapema, na jibu lake liheshimiwe bila kununa.

Msaidizi afanye nini hasa?

Kwanza, atulie. Mji wa mimba hukazwa na homoni ya oksitosini, nayo hufanya kazi vizuri mama anapojisikia salama. Nyumba iliyojaa kelele, mabishano na watu wanaoingia na kutoka humfanya awe na hofu, na hofu huongeza maumivu. Kwa hiyo mwanga upunguzwe, wageni wazuiwe kwa upole, na maswali yasiulizwe uchungu unapokuwa umempanda. Maneno yawe machache: “umefanya vizuri”, “huu nao unapita”, “toa pumzi taratibu”. Kumwambia ajikaze kwa ukali, au kumsimulia uzazi mbaya wa mtu mwingine, ni kumnyang'anya nguvu anayoihitaji.

Mkono una kazi kubwa kuliko mdomo. Mama anayeumwa kiuno hupata nafuu msaidizi anapobonyeza kwa kitako cha kiganja sehemu ya chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, tangu uchungu unapopanda mpaka unaposhuka, kwa nguvu ambayo mama mwenyewe ataisema. Kitambaa chenye joto la kadiri mgongoni, au kuoga maji ya uvuguvugu, huwasaidia wengi. Wapo pia wasiotaka kuguswa kabisa, hasa uchungu unapokolea, na mama akisukuma mkono wako si kwamba amekukasirikia.

Mikao ibadilishwe mara kwa mara. Mama anaweza kutembea, kuegemea meza au mabega ya msaidizi huku akiyumbisha nyonga, kupiga magoti na kushika chini kwa mikono, au kulala kwa ubavu akichoka. Kulala chali kwa muda mrefu kuepukwe, kwa kuwa uzito wa mtoto hukandamiza mishipa mikubwa ya damu, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Uchungu ukianza usiku ukiwa bado mwepesi, ushauri bora ni kulala, msaidizi naye apumzike, kwa sababu familia inayokesha tangu saa ya kwanza hufika kwenye saa ngumu ikiwa imekwisha nguvu.

Mama akumbushwe kwenda kukojoa kila baada ya saa 2 hivi, hata kama hajisikii, kwa kuwa kibofu kilichojaa huzuia kichwa cha mtoto kushuka. Na aulizwe kama mtoto anacheza. Mtoto mwenye afya huendelea kucheza hata wakati wa uchungu.

Anaruhusiwa kula na kunywa?

Ndiyo. Mama asiye na tatizo anahitaji maji, kwa mafunda madogo kila mara, na chakula chepesi anachokipenda, hasa katika kipindi cha mwanzo.

Vipi kuhusu dawa za kuongeza uchungu?

Zisitumike nyumbani, ziwe za mitishamba au za duka la dawa. Dawa inayokaza mji wa mimba bila kipimo inaweza kuukaza mfululizo hata mtoto akakosa hewa, au ukapasuka, na mama akavuja damu ndani bila mtu kuiona. Hospitalini dawa za namna hii hutolewa kwa kipimo, huku mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa, na pakiwa na uwezo wa kufanya upasuaji. Anayempa mama dawa hizo kwa nia njema hana hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha kawaida inaweza kutumika, lakini si aspirini wala ibuprofeni. Aidha, ndugu yeyote asiingize mkono kupima njia, asikandamize tumbo ili mtoto ashuke, na asimwamuru mama asukume. Kusukuma kabla njia haijafunguka kikamilifu humchosha bure.

Chupa ikipasuka tufanye nini?

Angalieni saa, rangi na harufu. Maji ya kawaida huwa meupe au yenye rangi hafifu sana, wakati mwingine na dalili ya damu kidogo. Mama avae pedi safi, asiingize kitu chochote ukeni, na aende kuonwa na mkunga hata kama uchungu haujaanza, kwa kuwa hatari ya maambukizi huongezeka kadiri saa zinavyosonga. Maji ya kijani au kahawia yanaonyesha kwamba mtoto amejisaidia tumboni, na hapo safari ianze mara moja.

Kitovu, yaani kamba inayomuunganisha mtoto na kondo, kikionekana au kikihisiwa ukeni, hiyo ni dharura isiyongoja. Mama apige magoti, kifua kiwe chini na makalio juu, kitovu kisirudishwe ndani wala kushikwashikwa, na msaada wa haraka uitwe akiwa katika mkao huohuo.

Tuondoke lini?

Kwa uzazi wa kwanza, kipimo kinachotumiwa na wengi ni uchungu unaokuja kila dakika 5, unaodumu karibu dakika 1, na ambao umeendelea hivyo kwa muda wa saa 1. Mama aliyekwisha kuzaa aondoke mapema zaidi, kwa sababu uzazi unaofuata mara nyingi huenda haraka, na anayekaa mbali au asiye na uhakika wa usafiri asisubiri kipimo hicho kabisa. Mama akisema anahisi anataka kwenda haja kubwa, au akisema tu kwamba ni wakati, aaminiwe.

Zipo dalili zinazofuta hesabu zote: damu nyekundu inayotiririka, maumivu ya tumbo yasiyoachia kati ya uchungu mmoja na mwingine, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, degedege, homa, au mtoto kupunguza kucheza.

Wataalamu wa afya ya uzazi hueleza vifo vingi vya wajawazito kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa kwanza uko mikononi mwa familia. Ninawasihi mkubaliane kabla ya siku yenyewe ni nani ataita usafiri, gharama zitatoka wapi, na nani atabaki na watoto wengine, na mkubaliane pia kwamba dalili ya hatari ikionekana hatasubiriwa mtu yeyote mwenye kauli ambaye hayupo.

Je, tunaweza kupanga mama ajifungulie nyumbani kabisa?

Ziko nchi ambako kuzaa nyumbani ni sehemu ya huduma rasmi, na mkunga aliyesajiliwa huja na vifaa na mpango wa kumhamisha mama. Hata huko, utafiti mkubwa uliochapishwa nchini England mwaka 2011, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 64,000 wasio na vihatarishi, ulionyesha kwamba kwa waliozaa mara ya kwanza, watoto waliopata madhara makubwa au kufariki walikuwa takriban 9 kwa kila 1,000 katika uzazi uliopangwa kufanyika nyumbani, dhidi ya 5 kwa kila 1,000 hospitalini, na kwamba asilimia 45 ya akina mama hao wa uzazi wa kwanza walihamishwa. Kwa waliokwisha kuzaa, tofauti ya namna hiyo haikuonekana.

Kujifungua nyumbani kwa msaada wa ndugu peke yao ni jambo jingine kabisa, na sioni namna ya kulipendekeza. Damu baada ya kujifungua inaweza kumaliza maisha kwa muda mfupi, na sindano ya oksitosini inayotolewa mara tu mtoto anapozaliwa ili kuizuia haiwezi kufidiwa na upendo wa mtu yeyote.

Na mtoto akija kabla hatujafika?

Itisheni msaada, nawa mikono, na umwache mama achague mkao. Kichwa kipokewe bila kuvutwa. Kitovu kikiwa kimezunguka shingo kwa ulegevu, kipitishwe taratibu juu ya kichwa. Mtoto afutwe mwili mzima kwa kitambaa kikavu mara moja, awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na wafunikwe pamoja, kichwa cha mtoto kikiwamo ila uso. Asipolia, asuguliwe mgongo kwa nguvu ya kadiri. Kitovu kisikatwe kwa kifaa kisicho safi. Ni salama zaidi mtoto kufikishwa kwa mkunga kikiwa bado kimeungana na kondo.

Kondo lisivutwe. Likitoka lenyewe, lihifadhiwe likaguliwe, mtoto anyonye, na sehemu ya tumbo chini ya kitovu cha mama isuguliwe mpaka mji wa mimba uwe mgumu. Kondo lisipotoka ndani ya dakika 30, au damu ikilowanisha pedi nzima kwa dakika chache, mama yuko hatarini na kila dakika ina thamani. Hata wakionekana wazima, mama na mtoto wapelekwe wakachunguzwe siku hiyohiyo, mtoto asiogeshwe mpaka saa 24 zipite, na msaidizi amweleze mkunga saa mtoto alipozaliwa, saa kondo lilipotoka, na kiasi cha damu alichokiona.